Tangazo la Tatu

Marcelline alikuwa amebakiza Jumapili moja. Padri Benoît alikwisha kusoma majina ya wachumba, lake likiwamo, mara mbili pale kanisani Cimpunda. Akiyasoma mara ya tatu asitokee mwenye kipingamizi, Jumamosi wangefungishwa, na ndoa ya kanisa haifunguliwi mpaka kaburini.

Wachumba! Yeye na Polycarpe walikuwa wameishi pamoja miaka kumi na tisa, kwa ng'ombe na pombe ya ndizi walizopelekewa wazazi wake kijijini Walungu. Sasa, mwaka 1999, mji ukiwa mikononi mwa waasi, Polycarpe alitamani kuwa mukubwa wa shirika, aongoze sala za majirani, na asiye na ndoa ya kanisa hapewi cheo hicho. Basi akaenda kuandikisha majina mawili bila kumwambia mkewe neno. Marcelline alilisikia jina lake kanisani, sawa na watu wengine.

Polycarpe hakuwa mpigaji, na hiyo ndiyo ilikuwa balaa, maana kila aliyesikia malalamiko alimwambia Marcelline kwamba ana bahati. Alikuwa mtu wa kununa. Alikula peke yake, alimwita mkewe "wewe" tu, na mwaka wa kwanza alimtoa kwenye kwaya, eti mke wa mtu hapigi kelele. Mvumilivu hula mbivu, shangazi zake walimwambia. Miaka kumi na tisa! Hizo mbivu zilikwisha kuoza mtini.

Jumapili ya tatu padri akasoma, akauliza kama kuna kipingamizi, huku akifunga daftari.

"Niko nacho, Padri."

Marcelline alikuwa amesimama. Alishika benchi la mbele.

"Ni juu ya ndoa gani, maman?"

"Ya kwangu."

Kanisa lilicheka.

"Kipingamizi gani?"

"Hakuna mutu aliniuliza. Mara ya kwanza baliuliza papa mwenye alinizala. Mara hii baliuliza Polycarpe. Mimi sikubali."

Polycarpe akaruka. "Nilitoaka ngombe!"

"Ngombe yako baaskari baliikula mu vita ya nonante-six, myaka tatu sasa," alisema Marcelline. "Ile vita ilishaimaliza. Mimi njo nibakie nailipia?"

Hapo hata wazee wa parokia walishika mbavu. Padri alingoja kicheko kitulie, akakaza uso, akasema kwamba bila mtu kukubali hakuna ndoa, akachukua kalamu akafuta majina mawili. Marcelline alilia pale pale, machozi ya furaha, wala hakuyaficha.

Siku hiyo hiyo alihamia kwa binti yake Aurore, fundi wa cherehani, na vitenge vyake viwili na sufuria moja. Jumatano alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Sauti ilikuwa na kutu, lakini ilikuwapo.

Jumamosi ikafika, jozi sita za maharusi zikiwa mbele ya altare. Rafiki yake Colombe alikuwa wa kwanza, na mchumba wake Emile, mwanaume mcheshi aliyempenda kweli.

"Colombe, unakubali?"

Colombe aligeuka kwanza akaitazama kwaya, alikosimama Marcelline, kanisa zima likageuka naye.

"Mumeniuliza vizuri," akasema. "Ninakubali!"

Na Marcelline ndiye aliyeanzisha vigelegele.