Mchwa wa Vifaranga Wangu

"Mayu, mchwa wakiwa na chakula chao hawahangaiki na nyumba," nilimjibu mama, aliyetaka chungu changu cha kutegea mchwa nikipeleke shambani kwenye kichuguu. Shambani ni mbali, na vifaranga wanataka mchwa kila asubuhi. Nikajaza chungu kinyesi cha ng'ombe na mabua, nikamwagia maji, nikakifudikiza nyuma ya chumba cha bibi.

Kwa wiki mbili vifaranga walinenepa kweli. Leo mama kaita wenzake wa kikundi niwafundishe. Nimeeleza kama bwana mifugo, nikainua chungu. Hamkuwa na mchwa hata mmoja, ila njia yao ya udongo imepanda ukutani mpaka kwenye fremu ya mlango wa bibi.

Mama Masanja, mmoja wa wanakikundi, akaigusa fremu kwa kidole, kidole kikazama.

"Kumbe unafuga mchwa, mwanangu. Kuku wamesingiziwa tu," akasema.

Wakacheka wote. Bibi hakucheka. Akaniuliza leo atafunga mlango gani.

Kesho asubuhi nampelekea fundi jogoo wangu, na ndiye pekee niliye naye, ili aje na fremu mpya.