Siku kumi na moja za fundi Pyo

Saa mbili asubuhi, fundi Pyo Jong-du anavuta kamba kama mtu anayegombana nayo. Kila baada ya hatua moja linapanda kombe la konokono wa baharini lililofungwa kama mtego, na katika baadhi ya makombe hayo pweza mdogo amejikunyata. Anamchomoa kwa kulabu, anamtupa kwenye ndoo, anavuta tena. Makombe ni elfu mbili.

"Taratibu, fundi! Huyo ni pweza, si nati!" anapaza sauti Bi Chae Mal-rye, mwenye boti, akiwa kwenye usukani.

"Ningekuwa na spana ningeshamaliza," Pyo anajibu bila kuinua kichwa.

Pyo ana miaka sabini na mmoja. Kwa miaka arobaini na minne ametengeneza injini za boti hapa Solmi, bandari ndogo ya kusini mwa Korea, na hajawahi kuwa mvuvi. Yuko baharini kwa sababu alikosea. Desturi ya Solmi ni kwamba fundi akitibu ugonjwa ambao injini hainao, gharama ya kifaa ni yake, na siku ambazo boti ililala bure anazilipa kwa mikono yake, bila ujira. Boti ya Bi Mal-rye ililala siku kumi na moja, katikati ya msimu wa pweza. Leo ni siku ya tisa.

Tatizo lilianza mwezi wa tatu. Boti ilikuwa ikitoka vizuri, na baada ya dakika arobaini injini inakata pumzi na kuzima. Ikivutwa hadi gatini, Pyo anafungua kifuniko cha tanki kutazama dizeli, anawasha injini, nayo inaimba kama mpya.

"Nilisema ni pampu. Nilisema palepale, sikukaa hata kufikiri," anakumbuka. Pampu mpya iligharimu won milioni tatu na laki nane. Siku ya kwanza ya kurudi kazini, injini ikazima tena palepale baharini ilipozoea kuzima.

Safari hiyo Bi Mal-rye hakumngoja mtu. Alifungua kifuniko mwenyewe, akasikia tanki likivuta hewa kwa mluzi mrefu. Akaelewa. Tanki lilikuwa halipumui, na hewa isipoingia dizeli haishuki.

Bomba la hewa la tanki limejikunja nyuma ya kibanda cha usukani. Hapo ndipo marehemu mumewe, Seok-gu, alipomfunga samaki mkavu wa baraka kila mwaka mpya, akimviringishia uzi mweupe na kummwagia pombe ya mchele. Alikuwa akifunga wa mwaka huu juu ya wa mwaka jana. Uzi, chumvi na pombe viligandamana hadi vikaziba mdomo wa bomba. Baada ya Seok-gu kufariki miaka miwili iliyopita, hakuna aliyethubutu kuugusa uzi ule.

"Niliuona kila siku," anasema Pyo. "Fundi mwingine angeukata bila kufikiri. Mimi nilikuwa nageuza macho. Yule alikuwa rafiki yangu."

Hakuukata hata baadaye. Aliufungua kwa vidole, saa mbili nzima, kisha akamfunga samaki upya juu ya mlango wa kibanda. Pampu ya zamani aliirudisha mahali pake. Ile mpya imekaa rafuni kwake, kwani muuzaji hapokei pampu iliyokwishaonja dizeli.

Zamani Solmi ilikuwa na boti arobaini na moja na mafundi wanne. Jioni watoto waliweza kutaja baba wa nani anaingia kwa kusikia mlio tu, na karakana ilijaa wanaume waliokuja kuchekana na kuondoka na harufu ya grisi. Pyo alikuwa akiweka nondo fupi juu ya injini, ncha nyingine kwenye taya lake, akaisikiliza, na kutaja ugonjwa kabla chai haijapoa. Watu walikuwa wakija kutazama.

"Seok-gu alikuwa anaweka dau juu yangu," anasema akicheka. "Nikipatia, analewa kwa furaha. Nikikosea, analewa kwa huzuni. Hakuwa akilala bila kulewa yule!"

Ukutani kwake bado kuna misumari arobaini na mmoja. Kila mwenye boti hutundika hapo ufunguo wake wa akiba, kumaanisha kwamba fundi wake ni huyu. Leo kuna funguo nane. Zilikuwa tisa, hadi Bi Mal-rye alipoingia siku ile ya mluzi, akachukua wake na kutoka bila salamu. Tangu hapo hamwiti shemeji tena. Anamwita fundi, kama mtu wa mbali.

"Pampu nitaisahau. Mgongo utapona," anasema Pyo. "Ule msumari ndio unaninyima raha. Nikiuona umejaa tena, hata nikifunga karakana kesho yake, sawa. Lakini siombi. Ufunguo wa kuombwa hauna maana."

Saa nne, wakiwa wanageukia mstari wa mwisho wa makombe, mlio wa injini unabadilika. Ni kidogo tu, kama mtu anayesafisha koo. Bi Mal-rye anapunguza mwendo na kugeuka.

"Shemeji! Njoo usikie hii."

Pyo anaiacha kamba. Anapiga magoti, anachukua kulabu ya pweza, anaiweka juu ya injini, ncha nyingine kwenye taya lake. Anafumba macho. Bi Mal-rye anamtazama, akingoja jibu la papo hapo alilolizoea tangu alipokuwa bibi harusi.

"Sijui bado," anasema Pyo. "Nipe nusu saa."

Bi Mal-rye anaizima injini, anachomoa ufunguo na kumtupia mapajani.

"Nusu saa tunayo. Na ukimaliza, usinirudishie huo. Mimi ninao mwingine."