Ngoja, Dada, Bado Inapanda

Walimwita Mama Pasi kwa sababu pasi ya mkaa ilikuwa haimtoki mkononi. Alinyoosha nguo za watu wa ofisini, mashati ya kola ngumu na suruali za mikunjo, kwenye baraza ya nyumba ya vyumba vinne. Nusu ya nyumba hiyo ilikuwa ya marehemu mumewe, nusu ya shemeji yake aliyeishi mbali. Shemeji alitaka kuuza, ila tusimsingizie, alisema naye kiungwana.

"Shemeji, ukipata fedha ya nusu yangu, nyumba ni yako yote. Usipopata, tutaiuza tugawane. Nakupa miaka mitatu."

Kumwambia mpiga pasi anunue nusu ya nyumba ni kama kumwambia kuku aote meno. Lakini Mama Pasi alikuwa na sarafu.

Mumewe alifanya kazi miaka ishirini na sita katika kiwanda cha serikali cha kupiga sarafu, akisugua mihuri ya chuma inayochapa sura ya pesa. Kabla sarafu mpya haijatoka, hupigwa kwanza chache za majaribio, wakubwa wazitazame na kuchagua. Mwaka mmoja waliletewa sarafu yenye sura ya korongo aliyekunja shingo. Wakasema huyu anaonekana mgonjwa, wakamchagua aliyesimama wima. Wale wagonjwa wakayeyushwa, isipokuwa watatu, au ndivyo watu walivyoamini. Mmoja alipewa mumewe siku ya kustaafu.

"Mke wangu," alikuwa akitania, "hii ndiyo pesa pekee isiyowahi kununua hata kiberiti."

Mumewe alipofariki, Mama Pasi aliipeleka kwa Jicho, mwenye duka la sarafu za kale, aliyeitwa hivyo kwa kile kioo cha kukuzia alichokibana jichoni kutwa nzima. Jicho aliitazama, kisha akatoa pacha wake katika kabati la kioo.

"Mimi ninayo ya pili, dada. Ya tatu iko ng'ambo."

Akafungua kitabu cha bei kinachotoka kila mwaka, akamsomea, maana Mama Pasi shule aliipita kwa nje. Bei ya mwaka ule ingetosha kuezeka nyumba upya.

"Nitafutie mnunuzi basi, kaka."

"Ukiuza leo utajilaumu. Wanaozitaka wanaongezeka, zenyewe haziongezeki. Ngoja."

Akangoja. Mwaka wa pili bei ilifika robo tatu ya fedha ya shemeji. Mwaka wa tatu, mwezi wa nne, Jicho alimsomea bei iliyotosha na kubaki. Mama Pasi alishika pembe ya meza.

"Niuzie leo. Leo hii."

"Dada yangu, bado inapanda! Mnada mkubwa ni mwezi wa tisa. Subira huvuta heri. Mimi mwenyewe ninayo, umeniona nina haraka?"

Muda wa shemeji ulikuwa unaisha mwezi wa kumi. Mama Pasi akapiga hesabu, akaona inawahi. Mtu mwenye kitu kama chako akingoja, nawe unangoja naye. Nani asingengoja?

Siku ya kupeleka sarafu mnadani alivaa gauni lake la harusi za watu. Jicho hakumpa hata kiti.

"Mambo yameharibika, dada. Mchongaji mkuu wa kile kiwanda alikufa. Wanawe wamefungua bati la biskuti, wamekuta korongo wagonjwa arobaini na mmoja, wamefungwa kwenye karatasi kama peremende. Wamewamwaga sokoni wote mwezi uliopita."

"Yangu sasa ni kiasi gani?"

"Magunia mawili ya mkaa. Ukipata mtu mwenye huruma."

Mama Pasi alitazama kabati la kioo. Kwenye kitambaa chekundu palibaki alama ya duara tu.

"Na yako iko wapi?"

"Niliuza."

"Lini?"

"Mwezi wa nne, mwishoni."

"Mwezi ule ule ulioniambia ningoje?"

"Elewa, dada. Mwenye fedha alikuwa mmoja. Akiziona mbili, anazishindanisha, zote zinashuka."

"Na hilo bati, ulilijua?"

Jicho alikitoa kile kioo. Jicho lenyewe lilikuwa dogo, lina machozi machozi. "Waliniita nikalitazame mwezi wa tatu. Wakaniomba ninyamaze mpaka wagawane urithi." Akainua mabega. "Sikukuibia. Sarafu yako si unayo mkononi?"

Hilo ndilo lililomchoma, kwamba ilikuwa kweli. Mwizi unampigia kelele. Huyu ungemwitia nini? Hata hivyo alikwenda polisi. Askari wa mapokezi alimsikiliza mpaka mwisho, akamgeukia mwenzake.

"Mama ameshauriwa asubiri, akasubiri. Tuandike kosa gani?"

"Andika subira," mwenzake akajibu, wakacheka. Kisha yule wa kwanza akasema kwa upole, "Nenda nyumbani, mama. Hapa hatuna la kukusaidia." Upole ule ulimuuma kuliko kicheko.

Mwezi wa kumi shemeji alifika na mnunuzi. Mama Pasi alimweleza yote. Shemeji aliigeuzageuza sarafu kiganjani, akatikisa kichwa.

"Pole, shemeji. Mimi nina mtoto anangoja kupasuliwa. Ningekuongezea muda, ningeutoa wapi?"

Mama Pasi alimtafutia kosa, hakuliona. Shemeji angekuwa mkorofi, angalau angepata wa kugombana naye. Mnunuzi alipita chumba hadi chumba, akainua macho kwenye dari ya baraza.

"Huu moshi ni wa nini?"

"Wa pasi," alisema Mama Pasi.

"Tutapaka rangi."

Karatasi ikatandazwa juu ya meza ya kupigia pasi, kwa kuwa hapakuwa na meza nyingine. Shemeji alimshika kidole gumba, akakichovya wino, akamwonyesha pa kubonyeza. Nusu yake ya bei ilikuwa ya kulipia kodi ya chumba miaka kadhaa, ya kununua nyumba hapana.

Jumamosi wateja walikuja kuchukua nguo zao, wakamkuta anafunga magodoro.

"Mama Pasi, wiki ijayo tukufuate wapi?"

Alikunja shati la mwisho, mkono juu ya mkono, akalilaza kwenye mfuko wa mwenyewe. "Sijui," akasema. "Nikijua nitawaambia."

Wakasema, "Haya," wakaondoka, kila mmoja na mfuko wake.