Fundi Kesho Sipo

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, kiguu na njia, na mafundi wenzake walimwita Kesho Sipo. Mgodini alidumu miaka minne akichomelea magari ya kubebea mawe, mpaka alipogombana na msimamizi na kurudi nyumbani na kofia ya kazi kichwani. Tukahamia kiwanda cha sukari. Huko mabomba ya mvuke yalipasuka kila wiki, na miwa ikishakatwa haimngoji mtu. Fundi akimaliza kuchomelea, aliumwagia mshono maji upoe upesi, kazi ikaendelea. Msimu wa tatu baba akaanza kusema harufu ya molasi inamtia kichefuchefu. Mama alifunga vyombo, tukaondoka. Mimi nilikasirika, na sioni haya kulisema.

Kisha kampuni ya mafuta ikatangaza nafasi ya fundi mabomba: ajira ya kudumu na nyumba ya vyumba vitatu. Mama alikwenda kuiona nyumba hiyo, akapima madirisha kwa shubiri ili ashone mapazia. Alirudi anaimba, jambo ambalo wadogo zangu hawakuwahi kulisikia.

Kilichobaki ni mtihani. Baba aunganishe vipande viwili vya bomba, aviache vipoe vyenyewe kwa nusu saa, kisha mkaguzi avikate na kuvikunja. Baba alipomaliza kuchomelea, mkaguzi alimwonya asiguse kitu, akaenda kunywa chai. Mimi na mama tulikuwa nje ya uzio tukimtazama. Baba alikaa, akasimama, akaizunguka meza, akaangalia saa, akazunguka tena. Mshono ulikuwa safi kabisa. Halafu akachukua ndoo, akaumwagia maji. Baadaye alijitetea kwamba mkono ulikwenda wenyewe, kwa mazoea ya kiwandani.

Mkaguzi alipoukunja, mshono ulipasuka. Alieleza kwamba chuma cha moto kikipozwa ghafla huvunjika, na kwamba mtihani haurudiwi.

Baba alitoka akijichekesha. Akatuambia kuna machimbo mapya kusini, wanatafuta mafundi, Jumatatu tutaondoka. Mama alimuuliza kama kweli nusu saa ilimshinda. Baba akaanza kuipangusa miwani yake ya kazi.

“Baba watoto, mimi nimekungoja miaka kumi na tisa,” mama alisema. “Jumatatu nenda mwenyewe.”

Baba alidhani ni hasira tu, zitaisha. Jumatatu asubuhi alikuta begi moja limefungwa mlangoni, lake, na mama ameshatoka kwenda kutafuta kazi ya kushona.