Isale Niliyompelekea Mzee Onesphory

Kwetu Kilema, mwenye kosa ndiye anayepeleka isale.

Mimi niliipeleka kwa mtu aliyemharibia dada yangu maisha.

Niliipeleka mchana kweupe, mbele ya kijiji kizima. Nikapiga magoti, na yeye akaipokea huku anatabasamu. Kabla nyama ya ndafu haijapoa, alikuwa anatafuta pa kuuficha uso wake.

Kama si mtu wa kwetu, nikueleze kidogo.

Isale ni ule mmea wa majani marefu tunaoupanda mipakani na makaburini. Ukimkosea mtu unachuma jani, unalifunga fundo, unampelekea. Hawezi kukataa. Akikataa, laana inabaki kwake. Akipokea, kesi imekufa. Hana ruhusa tena ya kukasirika, wala kukushitaki, wala kulipiza.

Shika hapo pa mwisho. Hapo ndipo nilipomkamatia.

Dada yangu aliitwa Odilia.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Kijijini kwetu kulikuwa na kikundi kinaitwa Wasichana wa Mlimani. Sketi ya buluu, skafu ya njano, gwaride kila Jumamosi. Msichana aliyechaguliwa na wenzake kuwa kiongozi alivaa filimbi shingoni.

Lakini filimbi ilikuwa mapambo tu. Jambo kubwa lilikuwa nyuma yake. Wafadhili wa Ulaya walikuwa wameahidi kumsomesha kiongozi wa kikundi huko kwao, kisha arudi kufundisha wengine.

Kwa binti wa mkulima wa kahawa, zama zile, hiyo ilikuwa mbingu kufunguka.

Mlezi wa kikundi alikuwa Mzee Onesphory. Suti ya kaki, viatu vinang'aa hata kwenye tope. Binti yake Lukresia naye alikuwa mwanachama.

Odilia aliupataje uongozi? Kwa mfongo.

Mfongo ni mfereji wetu wa maji, unashuka kutoka juu msituni. Masika yale ulibomoka. Kwa mila kuutengeneza ni kazi ya wanaume, mwanamke haugusi. Basi wanaume wakakaa kilabuni wanalijadili hilo jambo. Wakajadili mpaka migomba ikaanza kunyauka.

Odilia akawakusanya wasichana, wakapanda, wakabeba mawe, wakaziba.

Wazee walinuna sana. Maji yalipofika, wakanywa.

Siku ya kupiga kura kwa kunyoosha mikono, wasichana karibu wote walimnyooshea Odilia. Hata Lukresia alinyoosha. Nilikuwa mdogo lakini nilimwona, na nilimwona baba yake akimtazama.

Saba Saba ikafika. Kikundi kikapakiwa kwenye lori, kikapige gwaride Moshi mjini.

Sisi wa mlimani hatukuwa tumezoea magari. Zile kona za kushuka, harufu ya dizeli, halafu jua la Moshi. Odilia alishuka kwenye lori, akapuliza filimbi, akaongoza wenzake hadi mbele ya jukwaa, na pale pale akatapika.

Ni hivyo tu. Alitapika.

Wiki ile Mzee Onesphory aliitisha kamati. Mama alikuwepo. Alituhadithia baadaye kwamba yule mzee hakupandisha hata sauti. Alisema kwa upole, kama mtu anayesikitika, "Nyinyi ni wazazi. Mnakujua kutapika kwa msichana."

Akamvua Odilia filimbi mbele ya wenzake.

Mama aliomba Odilia apelekwe hospitali akapimwe. Akajibiwa, "Safari haingoji tumbo."

Lukresia akaondoka na ile nafasi.

Miezi ikapita. Tumbo la dada yangu likabaki bapa kama meza. Kijiji kizima kiliona. Wanawake walimwangalia mtoni, walimwangalia kanisani, walimwangalia akiwa na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Hakuna aliyesema kitu.

Mzee Onesphory angeweza kusimama nje ya kanisa baada ya misa aseme neno moja, nilikosea. Hakusimama.

Baba naye alishindwa na macho ya watu. Akamwoza Odilia haraka haraka kwa kijana mmoja mtu wa mbali, mfanyakazi wa mashamba ya miwa kule chini. Alikuwa mtu mwema, simsemi vibaya. Lakini Odilia alikuwa ameshazima. Alikuwa anaongea kama mtu anayesikiliza kitu kingine.

Alikufa akijifungua.

Yaani aliyesingiziwa mimba, mimba ndiyo iliyomchukua.

Mumewe hakuwa na ardhi huku, akakubali tumrudishe. Tulimzika kihambani, shamba letu la nyumbani, kati ya migomba, tukapanda masale kuzunguka kaburi. Mtoto alipona. Wa kike. Tukabaki naye, tukamwita Justina.

Mzee Onesphory alikuja msibani na suti yake ya kaki. Akampa mama mkono. Mama akageuka, akamwonyesha mgongo.

Usiku wa tanga akatuambia, "Mtu huyu asipewe shikamoo na mtoto wangu yeyote mpaka aseme."

Kwetu kumnyima mzee shikamoo si mchezo. Ni kumwambia si mtu. Tulimnyima mwaka baada ya mwaka, njiani, sokoni, mlangoni mwa kanisa. Mama akazikwa, tukaendelea.

Sasa twende miaka ya themanini, ile ya kupanga foleni ya sukari na sabuni.

Justina amekuwa msichana mrefu, macho ya mama yake kabisa. Mimi nimemaliza kidato cha nne, ni karani Moshi mjini, nimepanga chumba mtaa wa Soweto. Kikundi bado kipo, nafasi ya masomo bado ipo. Na mlezi, usishangae, ni yule yule.

Wasichana wakamchagua Justina.

Mzee Onesphory alikuwa na mjukuu humo, anaitwa Valeria.

Jioni moja Justina akaja kwangu Soweto, skafu ameikunja mkononi kama kitambaa cha jikoni. Akaniambia kijijini wanasema ameonekana mjini akitoka nyumba ya mwanamume. Wanasema damu haipotei. Kwenye sherehe ya kikundi kamati itatangaza jina lingine.

"Mama mdogo, najitoa kabla hawajanitoa," akasema.

Nilimwangalia. Nilimwona Odilia amekaa kwenye kitanda changu.

"Hujitoi," nikamwambia. "Vaa skafu."

Kesho yake nilipanda mlimani kwa baba mkubwa Crispin, kaka wa marehemu baba. Nikamweleza ninachotaka kufanya. Aliendelea kuchambua kahawa yake.

"Isale si fimbo, Digna," akasema mwishowe.

"Najua, baba."

"Ukiipeleka kwa uongo itakurudia wewe. Una kosa gani kwake?"

"Tumemnyima shikamoo tangu msiba."

Akafikiri. "Hilo ni kosa kweli." Halafu nikaona mdomo wake unacheza upande mmoja. "Na anayepokea isale lazima aulize chanzo. Asipouliza, jambo linabaki bichi."

"Hilo nalo nalijua, baba."

"Basi nitakuja kukusimamia. Ukiwa na mzee, hata mjinga hawezi kusema hukufuata mila."

Jani nilichuma kaburini kwa Odilia.

Siku ya sherehe uwanja ulijaa. Ndafu mbili, mbuzi wazima wa kuchoma, mtori wa ndizi, pombe ya mbege kwenye madumu. Na mgeni rasmi alikuwa nani? Lukresia. Amerudi zamani, ni afisa wa elimu Dar es Salaam, amevaa miwani. Baba yake alimtembeza kwenye meza kuu kama mtu anayeonyesha ng'ombe wa maziwa.

Kabla ya majina kutangazwa, baba mkubwa akanyanyuka, akapiga fimbo chini. Akasema nyumba ya marehemu Filemon, baba yangu, ina neno na Mzee Onesphory.

Nikatoka katikati ya watu na jani langu, nikapiga magoti.

Ungemwona. Uso ulimfunguka kama mtu aliyepewa nishani. Miaka yote ile ya kupitwa njiani kama kisiki, na leo tumerudi wenyewe, mbele ya binti yake mkubwa kutoka Dar. Mtu mwenye akili angeuliza kwanza pembeni, hawa wamekuja na nini. Yeye alinyoosha mikono yote miwili.

"Umepokea, Meku?" baba mkubwa akauliza, akimwita kwa heshima ya wazee wetu.

"Nimepokea mbele ya wote hawa. Aika, asanteni."

Nikasema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu, marahaba."

"Tulikunyima salamu hii tangu tulipomzika Odilia. Ni kosa. Tunaomba radhi."

"Limekwisha." Akawageukia watu, akacheka kidogo. "Vijana wana hasira. Na chanzo chake kilikuwa nini?"

Aliuliza mwenyewe. Sikumlazimisha.

"Chanzo ni wewe," nikasema. "Ulimsingizia dada yangu mimba. Ukamvua filimbi, ukakataa apelekwe hospitali, ukampa nafasi binti yako. Odilia hakuwa na mimba. Wazee wote waliopo hapa waliliangalia tumbo lake miezi na miezi, na wewe ukiwa mmoja wao. Alitapika kwa sababu ya lori."

Watu wote wakageuka kumtazama. Hata waliokuwa wanakata nyama waliacha visu.

"Na sasa umeanza na mtoto wake. Nyumba aliyoonekana akitoka, kule Soweto, ndiyo ninayoishi mimi. Mwanamume mwenyewe ni mwenye nyumba wangu, Mzee Yakobo, fundi cherehani. Nimekuja naye, yule pale nyuma anakula."

Mzee Yakobo, ambaye ana wajukuu wengi kuliko meno, akanyanyua mkono ulioshika mfupa.

Kuna waliocheka. Mzee Onesphory hakucheka. Alinyoosha kidole kwangu, akavuta pumzi ya kufoka.

Baba mkubwa akasema polepole, "Umeshapokea, Meku."

Kile kidole kikashuka. Mkono wa pili bado ulikuwa umeshika jani. Hakuweza kulitupa, hakuweza kunifukuza, hakuweza kuniita mwongo. Kwa kukasirika tu angekuwa amejilaani. Alibaki amesimama na isale yangu kama mtoto aliyekamatwa anaiba sukari.

Mimi nilidhani hapo ndipo mwisho wa kisasi changu.

Nilikuwa sijamhesabu Lukresia.

Alivua miwani. Akamwambia baba yake, si kwa sauti ya hotuba, bali sauti ya nyumbani, "Baba, wewe uliniandikia kule Ulaya kwamba mimba ilikuwa ya kweli, na Odilia alitoroka na dereva wa lori."

Mzee akageuzia macho lile jani.

"Mimi nilimpigia kura," akasema.

Akachukua ile filimbi mezani, akamwita Justina, akamvalisha. Wala hakungoja kamati. Akina mama wakapiga vigelegele, na baadhi yao ndio wale wale waliokuwa wakimpima Odilia kwa macho mtoni. Sikuwasahau hao pia.

Kisha Lukresia akaaga wazee mmoja mmoja. Shikamoo, shikamoo, shikamoo. Alipofika kwa baba yake akampita kama kisiki, akaingia kwenye gari.

Hiyo sikuipanga mimi. Lakini sitadanganya, niliifurahia. Ile shikamoo niliyomrudishia kwa mkono mmoja, mwanaye aliichukua kwa mkono mwingine, na hakuirudisha. Nilimwacha yule mzee na jani lake, nikaenda kula ndizi zangu.

Justina alisafiri. Alisoma. Siku hizi amestaafu, ana wajukuu, na filimbi ameitundika ukutani.

Mzee Onesphory alikuja kwetu baadaye, Jumapili moja baada ya misa. Nilikuwa kihambani. Alikuja peke yake, bila mzee wa kumsimamia, suti ya kaki imempwaya. Mkononi ana isale.

"Digna," akasema, "nimekuja."

Unakumbuka nilikwambia isale haikataliwi. Alikuwa anajua, na mimi nilikuwa najua.

Nikamkaribisha vizuri. Nikamwambia, "Isale anapelekewa aliyekosewa, mzee. Yupo pale."

Nikamwonyesha masale kati ya migomba.

Alienda. Nilimwona kupitia mlango wa jikoni. Alisimama mbele ya kaburi ameshika jani kwa mikono miwili, akisema maneno ambayo sikuyasikia na sikutaka kuyasikia. Alisimama mpaka chungu changu kikachemka. Halafu akaliweka juu ya udongo, akaondoka.

Alirudi tena mwaka uliofuata, na mwingine. Kila mara na jani bichi. Kila mara likakaukia pale pale, mpaka mvua ikaliondoa. Alikufa akiwa bado hajapokelewa.

Watu huniuliza kwa nini sikumsamehe mimi kwa niaba ya dada. Nawajibu, si mimi niliyevuliwa filimbi.

Nimeandika haya ili jina lake lisomwe mahali fulani. Odilia binti Filemon, aliyeziba mfongo.

Na wewe unayesoma, kama kuna mtoto wa mtu ulimharibia jina ili wako apite, chuma isale yako leo. Mpelekee angali ana mikono ya kupokea.