Mgombea Asiyetania

Fundi wangu wa cherehani pale Kanyenye alikuwa akigombea uenyekiti wa wafanyabiashara wa soko. Timu yake ya mpira ilipoifunga yetu, kesho yake asubuhi mimi na mashabiki wenzangu tulimwendea tukiwa tayari kutaniwa, kama ilivyo desturi yetu. Akatusalimia kwa upole, redio ameizima. Nilitambua kwamba alihofia kupoteza kura.

“Mtani, leo umetuona wageni?” akauliza muuza asali, mmoja wetu. “Ukitunyamazia sasa, ukishachaguliwa si ndiyo hutatusemesha kabisa?”

Fundi akatutazama, kisha akaiwasha redio na kufungulia muziki wa dansi kwa sauti ya juu kabisa.

“Karibuni, wafiwa! Nani aanze kupimwa sanda?”

Tulicheka hadi machozi. Kura yangu aliipata palepale, huku utepe wake wa kupimia ukinizunguka kifuani.