Isale na Jicho la Kushoto la Mama

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, katikati ya miaka ya tisini, mama aliamka asubuhi moja ya msimu wa kahawa akiwa na nusu ya uso isiyofanya kazi. Alikunywa chai, ikamtoka pembeni mwa mdomo na kulowesha kanga. Akacheka, lakini kilichocheka ni upande wa kulia tu. Ndipo nilipoona kwamba jicho la kushoto halipepesi.

"Neema, niangalie. Nina nini?"

Nilimgusa shavu la kushoto.

"Mkono wako nausikia," alisema, maneno yakimtoka kwa shida. "Ila shavu halinitii."

Bibi, mama yake baba, aliishi nasi katika kihamba kimoja pale Masama, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Yeye hakuuliza mama ana nini. Jana yake alikuwepo mama alipokataa isale.

Isale ni mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba. Jani lake ndilo mtu hushika anapokwenda kuomba msamaha, na anayeletewa jani hilo hatakiwi kulikataa. Baada ya baba kufariki, baba mdogo aling'oa masale ya mpakani akayapanda ndani zaidi, upande wetu, akajichukulia mstari mzima wa mikahawa. Wazee wa kanisa walipomsema, alikuja na isale mkononi. Shamba hakurudisha.

"Shemeji, tusameheane," alisema. "Kahawa yenyewe siku hizi haina bei. Unagombania vijiti?"

"Basi niachie hivyo vijiti vyangu," mama alimjibu, mikono ikiwa mgongoni.

Alijua akilipokea atakuwa amesamehe, na hataweza kudai tena. Baba mdogo aliliweka jani juu ya kigoda akaondoka. Kulipokucha, uso wa mama ulikuwa umelala upande mmoja.

"Isale limekupiga kofi," bibi alisema. "Sasa lazima alilete tena mwenyewe, kwa mkono wake."

Lakini baba mdogo alikuwa amekwenda Tarakea na mzigo wa mahindi wa kuuza kwa Wakenya, na hakuna aliyejua atarudi lini. Tukasubiri. Mama alitaka kulifunika jicho kwa kitambaa, maana halikufumba hata akiwa amelala. Bibi alimkataza.

"Ukilifunika unawaficha uso wahenga uliowakosea. Waache wakuone."

Basi mama akapika kwenye moshi na kuanika kahawa kwenye vumbi, jicho likiwa wazi. Likawa jekundu, kisha likaanza kuingia ukungu. Alisema kengele ya kanisa inamgonga sikio la kushoto kama nyundo, na maziwa hayana ladha upande ule wa ulimi. Kwa bibi, kila dalili mpya ilikuwa ushahidi zaidi. Lakini ni bibi huyohuyo aliyekaa pembeni yake kila mlo, akimfuta mdomo kwa kanga yake mwenyewe.

Siku moja nilimkuta mama mbele ya kioo. Aliinua shavu kwa vidole, akalishikilia, akaliachia. Likaanguka. Akaliinua tena. Alipotoka pale alikwenda moja kwa moja kwa bibi.

"Mtafuteni. Nitalipokea."

"Na mikahawa?"

"Nikiwa kipofu nitaichumaje?"

Baba mdogo alirudi. Mbele ya ukoo mama alipokea isale kwa mikono miwili, na mstari wa mikahawa ukawa wa shemeji yake. Sote tulimtazama usoni. Hakuna kilichosogea. Tuliendelea kumtazama mpaka mtu mmoja akasema ng'ombe hawajapewa majani.

Ndipo akaamua kwenda hospitali mjini Moshi, nami nikafuatana naye. Daktari, mwanamke wa rika lake, alimwambia akunje paji la uso. Lilikunjamana nusu. Akamwambia apige mluzi.

"Daktari, umri huu wote sijapiga mluzi. Nianze leo mbele ya mtoto?"

Daktari alicheka. Kisha akaweka kidole chini ya sikio la mama na kueleza. Pale ndipo unapotokea mshipa wa fahamu unaoendesha uso. Unapita kwanza kwenye tundu jembamba ndani ya mfupa, halafu unatawanyika shavuni kama vidole vya mkono. Huo ndio unaoinua nyusi, kufumba jicho na kukunjua mdomo. Tawi moja dogo huzuia kelele kubwa zisiumize sikio, na jingine huleta ladha ya ulimi. Ukivimba ndani ya tundu lile, hubanwa, na kazi hizo zote husimama. Kuhisi mkono shavuni ni kazi ya mshipa mwingine. Ndiyo maana mama alinisikia nilipomgusa.

"Uso wa wengi hurudi wenyewe," daktari alisema. "Lakini jicho lilitakiwa kufunikwa tangu siku ya kwanza. Hamkulifunika?"

Mama aliangalia dirishani kwa jicho la kulia.

Krismasi, ndugu walipopanda kutoka Dar, mdomo ulikuwa umeanza kunyooka. Baba mdogo aliwaeleza wageni kwamba isale limefanya kazi yake, na watu wakaitikia. Mama alikuwa akigawa ndizi na nyama. Jicho la kushoto lilikuwa na kovu jeupe. Liliona mwanga tu.

Bibi alikufa akiamini kwamba alimwokoa mkwewe. Sijawahi kumlaumu. Sote tulikuwa tunautazama mdomo, kwa sababu ndio uliokuwa umepinda. Jicho lilikuwa limenyooka, limefunguka, halina kilio, tukadhani linaweza kusubiri.

Mama naye ameshafariki. Desemba iliyopita nilikwenda kihambani kusafisha kaburi lake. Baba mdogo alishang'oa ile mikahawa na kupanda nyanya. Masale yako palepale alipoyahamishia.